Kipimo cha kuinuka kitini ni nini?

Mtazame mzee akiinuka kwenye kochi. Mara nyingi mikono ndiyo hutangulia: mmoja unashika kochi, mwingine unakandamiza goti, kisha "Ya Rabi!", yuko juu. Wajukuu wanasema babu bado ana nguvu. Huenda anazo, ila zilizofanya kazi hapo ni za mikono. Za miguu hatujaziona.

Kipimo cha kuinuka kitini kwa sekunde 30 kinaiondoa mikono kwenye hesabu. Mzee anakaa katikati ya kiti kigumu kisicho na mikono, chenye kikalio kilicho sentimita 43 hivi kutoka sakafuni, kilichoegemezwa ukutani kisiteleze. (Kile cha plastiki cha harusini hakifai: kina mikono, na miguu yake hupanuka.) Nyayo ziko sakafuni, mikono amepishanisha kifuani. Akiambiwa aanze, anasimama wima kabisa, anakaa, anasimama tena, hadi muda uishe. Zinahesabiwa mara alizosimama. Muda ukimkuta ameshapita nusu ya kuinuka, na hiyo inahesabiwa. Kwa utaratibu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, akilazimika kujisukuma kwa mikono kipimo kinasitishwa, anaandikiwa 0.

Zamani waliangalia muda mtu anaotumia kuinuka mara 5 au 10, na aliyeshindwa kufikisha alibaki bila alama, ilhali ndiye hasa wa kuangaliwa. Jessie Jones na Roberta Rikli wa California State University, Fullerton, walichapisha mwaka 1999 kipimo kilichogeuza mambo: muda sawa kwa wote, alama ni idadi. Hata wa mara 2 ana alama yake.

Kwa viwango vya CDC, mwanamume wa miaka 65 hadi 69 akipata chini ya 12, au mwanamke chini ya 11, yuko katika hatari ya kuanguka. Kwa miaka 80 hadi 84 ni chini ya 10 na chini ya 9.

Kinachopimwa zaidi ni misuli ya mapaja na makalio, ile ile inayomtoa mtu kitandani na chooni. Lakini goti linalouma nalo hushusha alama, kwa hiyo mpimaji amuulize mzee kilichomzuia kuendelea. Pia aandike kiti alichotumia: safari ijayo kikiwa kifupi zaidi, idadi itashuka na miguu ni ile ile.