Maana ya kutumia matabibu wa jeshi kuwahudumia raia

Matabibu wa jeshi ni madaktari, wauguzi na wahudumu wengine wa afya ambao kazi yao ya msingi ni kuwatibu askari. Wanapoagizwa kuwatibu watu wasio wanajeshi, huduma hiyo huwa na sura mbili. Ya kwanza ni ya kila siku, kama ilivyo katika Hospitali ya Jeshi Lugalo, Dar es Salaam, ambako raia hutibiwa pamoja na askari. Ya pili ni ya dharura: mwaka 2012 madaktari walipogoma nchini Tanzania, Serikali iliwapeleka wenzao wa jeshi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili ili kuziba pengo.

Sura hii ya pili ndiyo inayohitaji uangalifu, na Ebola ilituonyesha kwa nini. Tarehe 20 Agosti 2014, askari wa Liberia waliuzingira mtaa wa West Point, Monrovia, ili kuzuia ugonjwa usienee. Wakazi walipopinga, risasi zilifyatuliwa na kijana mmoja akapoteza maisha. Kabla wiki mbili hazijatimia, Joanne Liu, aliyekuwa rais wa Madaktari Wasio na Mipaka, shirika ambalo kwa desturi hujiweka mbali na majeshi, aliuomba Umoja wa Mataifa uzihimize nchi zenye vikosi, vya kiraia na vya kijeshi, vilivyofunzwa kukabili majanga ya kibiolojia zivipeleke Afrika Magharibi. Aliweka sharti kwamba wanajeshi hao wasitumiwe kuwafungia watu karantini wala kudhibiti umati.

Kwangu mimi, sharti hilo ndilo kiini cha dhana yenyewe, kwa sababu mgonjwa anayeiogopa sare huificha homa yake nyumbani, na hapo tabibu, hata awe hodari namna gani, hana wa kumtibu. Miongozo ya Oslo ya mwaka 1994 kuhusu misaada wakati wa maafa nayo inataka jeshi liitwe pale tu ambapo raia hawana uwezo unaohitajika, na uratibu ubaki mikononi mwa raia.

Katika mlipuko huohuo wa Ebola, huko Kerry Town, Sierra Leone, matabibu wa jeshi la Uingereza waliendesha wodi ya wahudumu wa afya walioambukizwa, kando ya kituo cha shirika la misaada la Save the Children, hivyo muuguzi aliyekwenda kazini alijua kwamba akiugua ana pa kulazwa. Wanajeshi wa Uingereza waliwafundisha pia wahudumu wa Sierra Leone namna ya kuvaa na kuvua mavazi ya kinga, ujuzi uliobaki nchini baada ya wao kuondoka.