Msitu Uliorudi Shinyanga, na Namna ya Kuusimulia

Ofisi nyingi za mazingira zina bango lile lile ukutani: ardhi iliyopasuka, mzoga wa ng'ombe, na onyo kwa herufi nyekundu kwamba jangwa linakuja. Bango hilo halisemi uongo. Ila mkulima anayelitazama anaijua ardhi hiyo kuliko mpiga picha, na hakuna mahali linapomwambia kesho akiamka aanzie wapi.

Sisi tunaofanya kazi ya elimu kwa umma tumeiegemea hofu kwa sababu kuitengeneza ni rahisi. Mwaka 1992 mtafiti wa mawasiliano wa Marekani, Kim Witte, alieleza vizuri kinachotokea. Mtu akitishwa huku akiamini ipo hatua anayoiweza na yenye kufaa, ataichukua. Akitishwa bila kuiona hatua hiyo, anaiacha hatari na kuanza kushughulika na hofu yake mwenyewe: anabisha, anafanya mzaha, anasema ni mipango ya Mungu. Aliyewahi kuendesha mkutano wa kijiji anawafahamu watu hao, tena kwa majina.

Ninaposema hadithi ya matumaini, basi, sina maana ya maneno ya kubembeleza. Nina maana ya simulizi la kweli kuhusu watu wanaofanana na msikilizaji, waliokwama pale anapokwama yeye, wakapata njia, na njia hiyo ikaelezwa hatua kwa hatua pamoja na gharama yake. Simulizi kama hilo tunalo hapa hapa Tanzania, na tunalitumia kidogo mno.

Tangu miaka ya 1920 misitu na vichaka vya Shinyanga vilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kuwaangamiza mbung'o, inzi wanaoeneza ugonjwa kwa watu na mifugo. Pamba ikaenea, mifugo ikaongezeka. Kisha watu wakahamishiwa vijiji vya Ujamaa miaka ya 1970, wakayaacha mbali maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Kufikia miaka ya 1980 mkoa ulikuwa na sifa ya vumbi, kiasi kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe aliguswa na hali hiyo, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana zaidi kama HASHI.

Mwanzoni mpango ulifanya kile ambacho mipango mingi hufanya. Vitalu vilianzishwa, miche ya miti ya kigeni ikagawiwa, watu wakahimizwa kupanda, na mwitikio ukawa hafifu. Mambo yalianza kwenda mpango ulipogeukia ngitili, ambayo Wasukuma walikuwa nayo tangu zamani. Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, nyasi na miti ikapata nafasi ya kukua. Kwenye Julai au Agosti, malisho yanapokauka kwingine, hufunguliwa kipande kwa kipande. Hakuna mche wa kununua wala maji ya kubeba: mizizi iliyobaki ardhini hufanya kazi yake ikiachwa.

Maofisa wa HASHI walipita vijijini na mikutano, michezo ya kuigiza na mikanda ya video. Naamini nguvu ya maigizo hayo ilitokana na jambo moja: mzee aliyeketi mbele alikuwa ameiona ngitili ya baba yake kwa macho yake, kwa hiyo hakuhitaji kusadikishwa kwamba inawezekana. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilifikia hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi huharibu. Wanaitaja tarakimu, wanapiga makofi, wanaondoka. Ninachotaka kusikia mimi ni kuni zilizosogea karibu na nyumba, nyasi za kuezekea zilizopatikana bila kusafiri, asali na dawa za miti shamba, na maksai walioingia msimu wa kulima wakiwa na nguvu kwa sababu Septemba walikuwa na cha kula. Nataka pia kusikia nani alilinda. Kijiji kiliketi kwenye dagashida, yaani baraza la jadi, kikakubaliana mipaka na adhabu. Sungusungu, kikundi cha ulinzi wa jadi, wakawa walinzi. Aliyeingiza mifugo ngitilini kabla ya wakati alitozwa faini, awe jirani au ndugu. Msikilizaji akiondoka bila kujua habari ya faini, amesikia nusu ya hadithi, na pengine nusu isiyo na manufaa.

Kwa sababu hiyo sipendi sana kile kisa cha ndege mdogo anayejaribu kuzima moto wa msitu kwa tone moja moja la maji, ingawa marehemu Profesa Wangari Maathai alikipenda na alikisimulia kwa ufundi mkubwa. Kinawapa watoto moyo. Lakini kazi yake mwenyewe ya kupanda miti, aliyoianza Kenya mwaka 1977 na kumpatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, haikuwa ya ndege mmoja. Ilikuwa ya vikundi vya wanawake wenye vitalu, waliolipwa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche uliopona baada ya kupandwa. Mpango wa malipo unaolenga uhai wa mche, badala ya idadi ya miche iliyochomekwa ardhini siku ya sherehe, ni somo kubwa. Kwenye kisa cha ndege halimo.

Je, hadithi peke yake hubadili tabia? Ushahidi mzuri zaidi ninaoujua katika lugha yetu hautoki kwenye mazingira bali kwenye afya. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo haukurushwa kwenye eneo la kituo cha Dodoma, ili watafiti waweze kulinganisha. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kule ulikosikika kuliko kule ambako haukusikika. Muundo wake ulikuwa wa makusudi. Alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori asiyejizuia, na wapo waliofanya vizuri, lakini uzito uliwekwa kwa wahusika wa katikati: wale wanaositasita, wanaoteleza, wanaojirekebisha polepole, kama Tunu, mke wa Mkwaju. Msikilizaji hufuatana na anayesitasita. Malaika humchosha.

Tukirudi kwenye ardhi, haki inanitaka niseme kwamba zipo njia nyingine zinazorudisha miti. Kondoa, mkoani Dodoma, mwaka 1979, serikali iliwaondoa ng'ombe wote kwenye eneo lililomomonyoka la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Uoto ulirudi, hakuna ubishi. Ila wafugaji ndio waliolipa, na hadithi ya namna hiyo haiwezi kumpa kijana wa wilaya nyingine hamu ya kuifuata. Itampa hamu ya kuficha ng'ombe. Siku hizi mkoani Dodoma wanakijiji wanaelekezwa kisiki hai: unachagua machipukizi bora ya kisiki kilichokatwa, unapogoa mengine, unaweka alama, unalinda. Mbinu hiyo ilipata umaarufu Niger, ambako Tony Rinaudo wa Australia aliihimiza kuanzia mwaka 1983 na mamilioni ya hekta za mashamba yakapata miti tena. Kwa msimuliaji ni zawadi, maana tendo zima linaonyeshwa shambani kwa muda mfupi, na panga moja.

Usifiche yanayouma. Shinyanga wenye ardhi kubwa walipata ngitili kubwa, na walionufaika zaidi walikuwa wenye mifugo mingi. Familia zilipoongezeka ardhi ikawa finyu, na baadhi ya ngitili zinabanwa na kilimo na mkaa. Ukiyanyamazia hayo, yupo atakayesimama nyuma ya mkutano ayaseme, na kuanzia hapo hakuna atakayekusikiliza.

Mwisho ni suala la kalenda, ambalo maofisa wenzangu hulidharau. Kampeni zetu hukusanyika Juni, kwa sababu ya Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5. Usukumani majira hayo ni baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinashindana, watu wamejaa viwanjani na wana nafasi ya kusikiliza. Basi wimbo na igizo viwe wakati huo. Lakini uamuzi wa kufunga ngitili unahitajika kabla mvua hazijaanza, kwa hiyo ofisa arudi tena Septemba au Oktoba, safari hiyo bila spika wala fulana, aketi na baraza hadi mipaka ikubaliwe na majina ya walinzi yaandikwe.