Pesa ya kampuni ikitoka bila jina, KRA wataipa jina

Wateja wangu wengi wana kampuni ya mke na mume, au ya ndugu wawili. Mwenye hisa ndiye mkurugenzi, ndiye anayeshika simu ya kampuni, na kila Januari karo ya watoto hutoka kwenye akaunti hiyo hiyo. Ukimuuliza, anakujibu: "Si ni pesa yangu?"

Kisheria si yake. Kampuni ni mtu mwingine, na pesa ikitoka kwake kwenda kwa mwanahisa, ama ni mshahara, ama gawio (sehemu yake ya faida), ama mkopo, ama kampuni inamlipa deni analoidai. Usipoandika ni ipi, Kamishna wa KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ataandika mwenyewe. Tangu Sheria ya Fedha ya 2018, kifungu cha 7 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinahesabu kuwa gawio pesa au mali yoyote inayomnufaisha mwanahisa au jamaa yake, hata pale kampuni inapomlipia deni kwa mtu wa tatu au kumsamehe deni inalomdai.

Rudi kwenye ile karo. Kwanza inakataliwa kama gharama ya biashara, kwa hiyo kampuni inailipia asilimia 30. Kisha, kama gawio, inatozwa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla pesa haijamfikia mpokeaji: asilimia 5 kwa mkazi na 15 kwa asiye mkazi. Au mkaguzi aseme hiyo ni marupurupu ya mkurugenzi na kudai PAYE, kodi ya mshahara. Ongeza adhabu ya asilimia 5 ya kodi iliyochelewa, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Ukaguzi unaweza kurudi nyuma miaka mitano. Piga hesabu mwenyewe.

Gawio la wazi halitishi hivyo. Faida ya shilingi 1,000,000 inalipiwa 300,000, zinabaki 700,000. Kodi ya zuio ni 35,000, nawe unaondoka na 665,000. Hiyo kodi ya zuio kwa mkazi ndiyo ya mwisho: gawio hilo halitozwi tena. Mshahara nao unapunguza faida ya kampuni, na viwango vya chini vya PAYE, asilimia 10 na 25, ni nafuu kuliko asilimia 30 ya kampuni. Ila huko juu, ukijumlisha makato ya mshahara ya SHIF (bima ya afya) na ushuru wa nyumba, nafuu hiyo inayeyuka. Kwa hiyo huwa nashauri mshahara wa kiasi kila mwezi, na gawio mwisho wa mwaka.

Njia wanayoisahau karibu wote ni kurudishiwa chao. Ulipoanza biashara ulinunua mashine kwa akiba yako, ukalipa pango la duka kwa M-Pesa yako. Hilo ni deni la kampuni kwako, na kukulipa si mapato: halina gawio wala PAYE. Lakini nikiomba ushahidi naletewa stori. Nataka taarifa ya benki, risiti, azimio la wakurugenzi, na hesabu za mwaka husika zinazoonyesha deni hilo. Karatasi iliyoandikwa baada ya barua ya ukaguzi kufika, mkaguzi ataitambua.

Na ukikopa wewe kutoka kwa kampuni, weka mkataba na riba. Ukiwa mkurugenzi na riba iko chini ya ile inayotangazwa na KRA, kampuni inalipa asilimia 30 ya tofauti hiyo, mwezi kwa mwezi, hata ikiwa mwaka huo imepata hasara.