Nyuzi zinazotoa dawa kidogo kidogo mwilini: maswali na majibu

Nyuzi zinazobeba dawa ni kitu gani?

Ni nyuzi nyembamba, nyingine nyembamba kuliko unywele mara mia, zilizotengenezwa kwa polima (kitu cha jamii ya plastiki) inayovunjika yenyewe mwilini, na dawa imechanganywa humo humo. Kama umewahi kushonwa jeraha na usirudi kutolewa nyuzi, basi ndugu yake unamjua: nyuzi za aina hiyo za polima zilianza kuenea hospitalini miaka ya 1970. Hizi za dawa zinaweza kushona, au kutandazwa juu ya kidonda kama kitambaa, huku zikiachia dawa siku baada ya siku.

Kwani vidonge havitoshi?

Mara nyingi vinatosha. Lakini kidonge huzunguka mwili mzima hata kama ugonjwa uko mahali padogo. Ukiwa na uambukizo kwenye ufizi, dawa uliyomeza hupita tumboni, kwenye ini na kwenye damu, na ni sehemu ndogo tu inayofika kwenye ufizi. Kiwango chake hupanda, kisha hushuka mpaka dozi ifuatayo, na anayeruka dozi za antibiotiki huwapa bakteria nafasi ya kujenga usugu.

Madaktari wa meno waliliona hilo mapema. Miaka ya 1990 walikuwa na uzi wenye antibiotiki iitwayo tetrasaiklini uliowekwa kati ya jino na ufizi kwa siku kama 10. Ulifanya kazi, ila plastiki yake haikuvunjika, hivyo mgonjwa alilazimika kurudi ili utolewe. Polima inayoisha yenyewe humwondolea mgonjwa safari hiyo.

Uzi huyeyuka kama chumvi kwenye maji?

Hapana, na tofauti hii ni muhimu. Polima ni mnyororo mrefu, na maji ya mwilini huukata pingili kwa pingili. Polima iitwayo PLGA, inayotumika sana, huishia kuwa asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki. Asidi ya laktiki misuli yako huitengeneza kila unapokimbia, kwa hiyo mwili una njia zake za kuiondoa.

Kasi hutegemea aina ya polima. PLGA yenye viambato hivyo viwili nusu kwa nusu huisha kwa wiki au miezi michache, lakini polima nyingine, PCL, inaweza kukaa miaka 2 au zaidi. Dawa ya siku 7 haifai kufungwa ndani ya uzi utakaobaki mwilini miaka miwili. Kwangu mimi, kulinganisha umri wa uzi na muda wa tiba ndiyo kazi ngumu kuliko zote hapa.

Je, dawa haiwezi kutoka yote kwa pamoja?

Inaweza kutoka nyingi mno mwanzoni, na swali hili kila mgonjwa ana haki ya kuliuliza. Dawa iliyo karibu na uso wa uzi hutoka saa za kwanza, na uzi ukiwa mwembamba, sehemu kubwa ya dawa huwa karibu na uso. Njia mojawapo ya kuizuia ni kusokota uzi wenye tabaka mbili: dawa katikati, ganda la polima nje.

Zimeshafika hospitalini?

Nyuzi za kushonea zilizopakwa triklosani, kemikali inayozuia bakteria, zipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Polima hizohizo, zikiwa chembechembe za kuchoma kwa sindano, hutumika kutibu saratani ya tezi dume tangu miaka ya 1980. Nyuzi nyembamba kabisa zenye dawa ndani, kwa sehemu kubwa, bado ziko kwenye maabara na majaribio.

Nikiwekewa, nifanye nini?

Kabla ya kuwekewa, mwambie daktari mzio wowote ulio nao, kwa sababu kidonge unaweza kuacha kukimeza, lakini uzi ulioshonwa ndani hautoki kirahisi. Uliza ni dawa gani na itatoka kwa siku ngapi. Usivute ncha inayojitokeza. Wekundu kidogo siku za mwanzo ni wa kawaida. Uvimbe unaozidi, usaha au homa, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na kama ulipewa vidonge pia, endelea navyo mpaka daktari akuambie uache.