Afisa ustawi wa jamii si afisa maendeleo

Hapa Tanga neno "ustawi" limegeuka fimbo. Mama akichoka na baba watoto asiyeleta matunzo, utamsikia: "Nitakupeleka ustawi!" Kwa wengine ustawi ni dirisha la hospitali la kuombea msamaha wa matibabu, au mahali pa kugawiwa unga. Juzi redioni mtangazaji kamwita afisa maendeleo ya jamii "mtu wa ustawi" kipindi kizima, na mgeni wake kanyamaza kwa adabu.

Ustawi wa jamii ni taaluma ya kumsaidia mtu au familia iliyokwama isimame tena, kwa kumtazama pamoja na mazingira yanayomzunguka. Basi, ndiyo maana yake.

Linaloniudhi ni huko kuchanganya. Afisa maendeleo ya jamii huinua watu kwa ujumla wao: vikundi, miradi, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Chuo chake kinachojulikana ni Tengeru. Afisa ustawi hufungua faili la mtu, na chuo chake kinachojulikana ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Serikali nayo haitusaidii. Wizara ya kada zote mbili, iliyotenganishwa na Afya Januari 2022, ni ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Ustawi jina halimo!

Wala afisa huyu si hakimu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaiachia mahakama amri ya matunzo; yeye hupatanisha, na kesi ikifika huko huandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Na hapo ndipo utaalamu wake unapoonekana. Tuseme baba ni mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza boti zinatoka na taa, pesa ipo. Mbalamwezi ikiwa kali zinalala pwani, na yeye hana kitu. Ukimpangia kiasi kilekile kila tarehe mosi, mwezi wa pili atakimbilia Pemba. Afisa anayeijua kazi huuliza giza linaanza lini, mtoto analala kwa nani, bibi ana nguvu kiasi gani. Maswali hayo jirani huyaona ya umbea.

Shaka juu ya kazi hii haikuanzia kwetu. Mwaka 1915, huko Baltimore, Marekani, mtaalamu wa elimu Abraham Flexner alihoji kama ni taaluma kamili, akasema bado: aliona wahusika wengi ni wapatanishi tu, wanaomuunganisha mtu na daktari au mwanasheria. Zaidi ya miaka 100 baadaye, afisa wetu bado anabebeshwa kazi za kila ofisi, halafu anaulizwa yake ni ipi. Kuunganisha watu ni kazi, tena ngumu, ila haionekani kwenye picha za uzinduzi wa mradi.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukifuata mkopo wa kikundi, uliza maendeleo ya jamii. Mara nyingi ni korido ileile, mlango mwingine tu, na wa ustawi atakuelekeza bila kinyongo, amezoea.