Marehemu Hana Mtani Kwenye Skrini

Kazi yangu ni kuhariri filamu hapa Kampala, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, wallahi, ni kuua watu. Nakata pale risasi inapotoka, naunga pale mtu anapoanguka, kisha naamua tumtazame marehemu kwa muda gani kabla ya kuhamia kwingine. Uamuzi huo wa mwisho ndio unaoleta kicheko au kukizima. Watazamaji hudhani mzaha wa kifo umo kwenye maneno ya waigizaji. Mara nyingi umo kwenye sekunde.

Mchukueni Kenny wa katuni ya watu wazima ya South Park. Miaka ya mwanzo alikufa karibu kila kipindi, tena vifo vya ovyo, na kabla hujamhurumia hadithi imeshasonga mbele. Mwaka 2001 watunzi wakamuua tena, safari hii kwa ugonjwa, kitandani hospitalini, rafiki zake wakija kumwona. Mtoto ni yule yule na koti ni lile lile. Lakini tumepewa muda wa kukaa naye, na ghafla kicheko kinakwama kooni.

Hapa kwetu hesabu hiyo ya muda aliivuruga VJ, yule msimulizi anayeropoka juu ya filamu ya watu. Waliokulia Tanzania wanamkumbuka Lufufu, Wakenya wanaye DJ Afro. Sisi tuna akina VJ Jingo, wanaozisimulia filamu za nje kwa Kiganda kwenye vibanda vya video. Mimi nimekulia kambi ya polisi, ambako Kiswahili ndicho kilichotawala, kwa hiyo Kiganda cha kibandani nilikisikia nikiwa na sikio la mgeni, na labda ndiyo maana niliona mapema wanachokifanya. Mhariri wa Hollywood akishamwua shujaa wake huacha kimya ili tuomboleze. VJ hakiachi kimya hicho. Anauliza nani atalipa kodi ya nyumba ya marehemu, na zile buti zake nzuri atarithi nani. Kibanda kizima kinaangua kicheko. Hakuna anayeumia, kwa sababu mle ndani marehemu hana shangazi wala binamu.

Mwongozaji Isaac Nabwana ndiye aliyeuingiza mchezo huo ndani ya filamu yenyewe. Filamu yake, Who Killed Captain Alex?, ilitengenezwa Wakaliga, mtaa wa hapa hapa Kampala, ikatoka mwaka 2010 kwa bajeti iliyotajwa kuwa chini ya dola 200. Watu wanakufa makundi kwa makundi. Damu ilitiwa kwenye kondomu na kupasuliwa kifuani. Mwanzoni ilikuwa damu ya ng'ombe, hadi mwigizaji mmoja alipougua wakahamia rangi ya chakula. Maiti anatazamwa kwa kupepesa jicho tu, basi. Na juu ya yote anasikika VJ Emmie, anayeropoka tangu mwanzo hadi mwisho, akiwatania wanaokufa na kuisifu Uganda katikati ya milio ya risasi. Nakala isiyo na sauti yake haipo tena: Nabwana aliifuta ili apate nafasi kwenye kompyuta. Leo huwezi kuuona msiba wa Kapteni Alex bila mtani wake. (Aliyemwua, kwa taarifa yenu, hatajwi kabisa, hata filamu inapokwisha, na sijakutana na mtu aliyelalamika.)

Nasema mtani kwa makusudi. Kule Tanzania mtani huingia msibani akaigiza mwendo wa marehemu, akashuka kaburini na kukataa kutoka mpaka atolewe chochote. Wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka. Anaruhusiwa kwa sababu mababu walishakubaliana, na kwa sababu siku yake ikifika naye atafanyiwa vile vile. Skrini haina ukoo. Kila filamu inayochezea kifo lazima itafute ruhusa yake yenyewe.

Mwongozaji Stanley Kubrick aliipata kwa kutuua sote. Filamu yake Dr. Strangelove alitaka kuifanya nzito, ya vita vya nyuklia, kutokana na riwaya ya Peter George. Alivyozidi kuandika ndivyo upuuzi wa jambo lenyewe ulivyozidi kumchekesha, akaifanya kichekesho. Bomu likilipuka hakuna atakayebaki wa kuitwa mfiwa. Hata hivyo, onyesho la kwanza la majaribio lilipangwa tarehe 22 Novemba 1963, siku Rais Kennedy alipouawa Dallas. Filamu ikasogezwa hadi Januari 1964, na sentensi moja ya mzaha iliyotaja Dallas ikarekodiwa upya isikike Vegas. Mtazame midomo mwigizaji: bado inasema Dallas. Asubuhi lilikuwa jina la mji tu, mchana likawa na wafiwa.

Mwongozaji Armando Iannucci naye, katika filamu The Death of Stalin ya mwaka 2017, aliwaelekezea mzaha walio hai. Stalin amelala sakafuni katika mkojo wake, wakubwa wanajadiliana wamwite daktari gani, maana madaktari wazuri wameshafungwa au kuuawa. Urusi iliifutia kibali siku chache kabla ya kuonyeshwa, Januari 2018.

Kisha kuna Amin. Mwaka 1974 mtengenezaji filamu Barbet Schroeder alimwacha ajieleze mwenyewe mbele ya kamera: anapiga akodiani, anashindana kuogelea, anaeleza atakavyoishambulia Israeli. Ulaya walicheka. Katika kikao cha mawaziri anamlaumu waziri wake wa mambo ya nje, na filamu inatuambia kwamba wiki mbili baadaye mwili wa waziri huyo, Michael Ondoga, ulikutwa mtoni Nile. Mzungu ananyamaza hapo. Nimeitazama na wazee wetu; wao walikuwa wamenyamaza tangu ile akodiani.

Juzi kijana mmoja ameniletea skripti fupi. Ni baa ya Kampala, fainali ya Kombe la Dunia, Julai 2010. Mhudumu anamfuata mteja asiyelipa bili, kisha mlipuko, kisha mhudumu bado ana karatasi ya bili mkononi. Usiku ule mabomu yalilipuka kweli hapa Kampala, Kabalagala na Kyadondo, wakafa zaidi ya watu 70, na ndugu zao tunapanda nao teksi moja. Sikumkataza. Nilimwambia aniandikie kwanza huyo mhudumu alikula nini mchana, anadaiwa na nani, na kwa nini bili ile inamhusu hivyo. Halafu aniambie baada ya mlipuko nikae kwenye ule mkono kwa sekunde ngapi. Amerudi na kurasa tatu za mchana wa mhudumu. Sekunde bado hajazitaja.