Kufanyia kazi kituoni: yanayosemwa Lubumbashi, na ukweli wake

"Hayo ya kufanyia kazi kituoni ni mambo ya wazungu, yanataka jengo la vioo." Nimeyasikia asubuhi kwenye ajansi ya mabasi ya Likasi, kwa baba mmoja aliyekalia begi lake. Ubavuni pake kijana alikuwa na kompyuta juu ya magoti, ralonji ikipita chini ya benchi mpaka kwenye soketi ya mkata tiketi, palipokuwa na simu za abiria zinachajiwa. Basi lilikuwa bado halijajaa. Alimaliza ripoti, akaituma kwa mega za simu yake. Kilichokosekana hapo ni meza tu. Huko Japani, shirika la reli la JR East lilianza mwaka 2019 kuweka vibanda vya kazi ndani ya stesheni za Tokyo: mtu mmoja, kiti, soketi, malipo kwa kila robo saa.

"Ukifanyia kazi karibu na nyumbani, mazingira yamepona." Hapa ndipo wengi tunajidanganya. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA) lilionyesha kwamba anayeendesha gari zaidi ya kilomita 6 hivi kwenda kazini hupunguza hewa chafu akibaki nyumbani. Wa safari fupi, au anayepanda basi, anaweza hata kuiongeza kidogo, kwa sababu ya umeme anaotumia nyumbani. Meza ya kituoni nayo tuipime hivyo hivyo. Aliyezoea kuja peke yake na jeep kutoka Likasi, kilomita 120 hivi, akapanda basi kwa kuwa anaweza kufanya kazi akilisubiri, huyo ameokoa kitu. Anayetoka komini ya Kenya, hapa hapa mjini, kwa miguu hana cha kuokoa.

Halafu kuna jenereta. Umeme wetu mwingi unatokana na maji, kwenye mabwawa ya Mwadingusha na Nzilo, lakini ukikatika, ofisi yako safi inakunywa mafuta kutwa nzima. Bila betri na paneli za jua, nisingeisifia.

"Treni imekufa, stesheni ya nini?" Reli ilifika hapa 1910 na bado inabeba mizigo na abiria. Abiria wake ndio wanaongoja zaidi kuliko wote, kwa hiyo meza ingeanzia kwao.

Honi ya basi ilipolia, kijana alivuta ralonji kwa haraka, simu ya mama mmoja ikaanguka sakafuni. Walizozana mpaka mlangoni.